Stelingi ya Benzi Kuukuu Inapovuja

Swali ambalo wenye Benzi kuukuu hawachoki kuuliza ni hili la mafuta ya stelingi. Asubuhi mtu anatoa motokaa uani, anakuta doa la mafuta mekundu au ya rangi ya asali limebaki mchangani. Anaongeza mafuta kwenye kikopo, anakwenda kazini. Baada ya siku nne kikopo kimekauka tena, na kila anapokata kona usukani unanguruma. Anampelekea fundi. Fundi anachungulia kwa dakika mbili, anatikisa kichwa, anasema boksi la stelingi limekwisha, litafutwe jingine. Hapo ndipo mishahara ya miezi miwili huteketea, na aghalabu doa la mafuta hubaki palepale lilipokuwa.

Juma hili basi, ndugu msomaji, tulizungumze jambo hilo kwa kituo. Nitachukua mfano wa Benzi za aina ya W123, yaani zile za 200, 230E, 240D, 300D na ndugu zake, zilizozinduliwa mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 1986. Zilitoka kiwandani karibu 2,700,000, na zingali zinaonekana katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, nyingine zikiwa zimebadilishwa injini, nyingine zikiwa na rangi ya tatu au ya nne. Mwenye Benzi ya aina iliyofuata, W124, atakuta mengi ya haya yanamhusu pia.

Kiswahili chenyewe kilipata neno kutokana na motokaa hizi: Wabenzi. Mbenzi wa zamani hakushika usukani. Aliketi nyuma akisoma gazeti, na mafuta yakivuja lilikuwa jambo la dereva na karakana, yeye hakuambiwa hata kidogo. Leo motokaa ileile imeshapita mikononi mwa mfanyabiashara, ikapita kwa dereva wa teksi, na sasa iko kwa karani au mwalimu mstaafu ambaye ndiye dereva, ndiye mlipaji, na siku za Jumapili ndiye fundi. Uzuri wa gari haukupungua sana, lakini mipira yake ina zaidi ya miaka 35, na hapana mpira wa kuhimili joto la injini kwa muda huo wote usipasuke au kukauka.

Kabla ya kushika spana ni vyema kukielewa kitu chenyewe. Stelingi ya kusaidiwa na mafuta, ambayo mafundi wetu huiita "pawa", si uvumbuzi wa jana. Mhandisi wa Marekani, Francis W. Davis, aliyewahi kushughulikia malori katika kampuni ya Pierce-Arrow na kujua jinsi madereva wake walivyohangaika, aliifunga katika motokaa na kuionyesha mwaka 1926. Hata hivyo ilibidi kungojea hadi 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ikaiweka katika motokaa yake ya Imperial kwa ajili ya wanunuzi. Tangu hapo ikaenea, kwanza katika magari ya wakubwa, kisha katika magari ya kila mtu.

Katika Benzi tunayoizungumzia, mbele ya injini pana pampu inayozungushwa na mkanda. Juu ya pampu pamekaa kikopo cha mafuta chenye kifuniko, na ndani yake mna chujio lililobanwa na springi. Pampu husukuma mafuta kupitia mpira mnene, tuuite mpira wa presha, hadi kwenye boksi la stelingi lililofungwa kwenye chasisi upande wa dereva. Ndani ya boksi mna pistoni. Unapozungusha usukani, vali hufungua njia na mafuta huisukuma pistoni upande ule unaoutaka wewe, ndiyo maana hata mtu mwembamba huigeuza motokaa ya tani moja na nusu kwa vidole viwili. Mafuta yakishamaliza kazi hurudi kikoponi kwa mpira wa pili, mwembamba na dhaifu zaidi, tuuite mpira wa kurudishia. Mzunguko wote una mafuta ya lita moja na kitu tu.

Tofauti ya mipira hiyo miwili isisahauliwe hata kidogo. Tairi la motokaa ndogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Ndani ya mpira wa presha, usukani unapokatwa hadi mwisho, mafuta huweza kupita pauni 1,000. Mpira wa kurudishia hauna shida hiyo; humo mafuta hutembea kwa utulivu kama maji ya bomba la mtaani saa nane usiku. Kwa hiyo kinachofaa kwa mpira mmoja chaweza kuwa hatari kwa mwingine, nasi tutalirudia jambo hilo.

Wako wanaosema, tone moja ni nini? Nitaongeza mafuta tu. Haya, tupige hesabu. Yapata matone 20 hufanya mililita moja. Motokaa inayodondosha tone moja kila dakika hupoteza zaidi ya mililita 70 kwa mchana na usiku. Kikopo si kikubwa, na kabla ya juma kwisha pampu huanza kunyonya hewa badala ya mafuta. Mabapa yaliyomo ndani ya pampu hutegemea mafuta hayohayo kujilainisha. Yakikosa, husagana na kuta za pampu, na unga wa chuma ukaenda kukwaruza vali za boksi. Hivi ndivyo sili ndogo, isiyozidi ukubwa wa sarafu, inavyoua pampu nzima na boksi lake.

Usukani kuwa mzito ni hatari, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani, maana bado umeungana na magurudumu kwa vyuma, na motokaa itageuka ukitumia nguvu. Nachelea zaidi mambo mawili mengine. La kwanza ni moto. Mafuta haya hushika moto yakiangukia bomba la moshi lililopata joto kali, hasa wakati wa kupanda mlima au katika foleni ndefu ya jioni. Ukisikia harufu ya mafuta yanayoungua, na moshi mweupe ukatoka pembeni mwa boneti, simama, zima injini, wateremshe watoto kwanza, ndipo uanze kuchungulia. La pili ni mkanda. Mafuta yakiurukia huteleza, na katika injini ambazo mkanda mmoja huzungusha vitu kadhaa, betri hukosa chaji na pampu ya maji hupungua nguvu, hata injini ikachemka, na mwenye gari akaanza kutafuta ubovu katika rejeta isiyo na kosa lolote.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe, ambapo madhara mengi hufanywa kwa nia njema. Kitabu cha mwenye motokaa kwa Benzi za wakati ule kiliruhusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale mekundu yajulikanayo kwa herufi ATF. Baadaye kiwanda kikatoa mafuta maalumu ya stelingi yenye rangi ya asali. Moja kati ya hayo litafaa. Soma kitabu, na kama kitabu kimepotea soma maandishi yaliyo kwenye kikopo au kando yake. Motokaa nyingine za Ulaya zilizokuja baadaye hutumia mafuta ya kijani, na haya yasichanganywe na mekundu eti kwa kuwa yote ni "ya stelingi".

Ila jambo lisilosameheka ni kutia mafuta ya breki. Nimeona likifanyika kando ya barabara, tena kwa haraka na kwa huruma, kwa dereva aliyekwama usiku. Mafuta ya breki hayatokani na petroli kama haya ya stelingi. Yana asili nyingine kabisa, na mpira wa sili za pampu na boksi haukuumbwa kuyavumilia. Sili huvimba, hulainika kama mkate uliochovywa chai, kisha hukatika. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mafuta ya stelingi yakitiwa katika kikopo cha breki huvimbisha mipira ya breki, na motokaa yaweza kukataa kusimama. Kwa hiyo chupa hizi mbili zisikae rafu moja nyumbani, na chupa isiyo na maandishi isitumike kamwe.

Ziko pia dawa za kuzuia kuvuja, zinazouzwa katika vichupa vyenye maandishi ya kujisifu. Sizidharau kabisa. Zina kemikali inayoufanya mpira mkavu uvimbe kidogo na kurudisha ulaini, na sili iliyokauka tu yaweza kutulia kwa majuma au miezi kadhaa. Lakini sili iliyokatika haiponi kwa dawa, mpira uliopasuka hauponi, na klipu iliyolegea haina habari na dawa. Nayo sili iliyozoea kuvimbishwa hatimaye hulegea mno. Aliye safarini Dodoma na asiyekuwa na fundi karibu ataitumia, nami sitamlaumu. Akifika nyumbani aifanye kazi kama inavyostahili.

Kazi yenyewe huanza kwa kutafuta, wala si kwa kufungua. Mafuta hayadondokei pale yanapotokea. Huteremka kwa kufuata bomba, hushika ukingo wa chasisi, husukumwa nyuma na upepo wa safari, hatimaye hudondoka kwenye kitu kilicho chini kuliko vyote. Katika Benzi hii kitu hicho aghalabu ni boksi la stelingi. Ndiyo sababu boksi husingiziwa mara nyingi, maana mafuta ya kila mahali huishia hapo.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye 240D ya rangi ya maziwa, aliambiwa na gereji mbili kwamba boksi lake halifai. Gereji ya tatu ilikuwa chini ya mwembe, na fundi wake alikuwa kijana asiyezidi miaka 25.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema kijana. "Nipe dizeli kidogo, brashi, na poda ya mtoto."

"Marahaba. Poda ya mtoto ya nini, mwanangu? Wangu wote wameshaoa."

"Basi utamwomba mama kwa majirani."

Poda ikapatikana. Kijana akaosha kila kitu kwa dizeli na brashi, kuanzia kikopo hadi boksi, akamalizia kwa maji ya sabuni, akakausha kwa kitambaa, kisha akanyunyiza poda mahali pote hadi pakawa kama uso wa bibi harusi. Injini ikawashwa, Mwalimu akakata usukani kulia na kushoto kwa dakika chache, kisha ikazimwa. Wote wawili wakainama. Boksi lilikuwa jeupe vilevile. Juu yake, pale mpira wa kurudishia unapoingia kikoponi, palikuwa na mstari mwembamba wa mafuta ukiteremka katikati ya poda, dhahiri kama wino juu ya karatasi. Klipu ilikuwa imekatwa na kutu. Klipu na kipande cha mpira vikanunuliwa siku hiyohiyo, na boksi lililohukumiwa na gereji mbili liko ndani ya motokaa hadi leo.

Poda basi ndiyo chombo cha kwanza, tena cha bei nafuu kuliko vyote. Cha pili ni gazeti, hata hili unalolisoma, ukishamaliza. Litandaze chini ya motokaa usiku, uweke alama ya mahali pa kila gurudumu, na asubuhi utazame doa limeangukia wapi na lina rangi gani. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi. Maji ya rejeta hukauka na kuacha rangi na utelezi. Mafuta ya stelingi ni mekundu au ya asali, ingawa yakizeeka huwa ya kahawia na kunuka kama kitu kilichoungua.

Neno moja la usalama hapa. Usitafute tundu la mpira wa presha kwa kupapasa kwa kidole injini ikiwa inanguruma. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha ile yaweza kupenya ngozi kama sindano. Alama huwa ndogo, mtu hupuuza, kumbe ndani nyama inaharibika, na jeraha la namna hiyo huhitaji hospitali siku hiyohiyo. Tumia kipande cha kaboksi, ukipitishe karibu na mpira. Kaboksi litalowa kabla ya mkono wako. Wala usiingie chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stuli za chuma, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo.

Ukishajua mafuta yanatoka wapi, kazi iliyobaki hupimika. Ikiwa ni kifuniko cha kikopo, tatizo ni gasketi yake ya mpira, na kazi ni ya dakika tano. Ukiwa hapo toa chujio nalo ulibadilishe, maana katika Benzi zilizopita mikono mingi aghalabu chujio hilo halijabadilishwa tangu siku za yule aliyekuwa akiketi nyuma. Kumbuka tu jinsi springi ilivyokaa.

Ikiwa ni mpira wa kurudishia, badilisha mpira wote pamoja na klipu. Hapa watu hukosea kwa kutia mpira wa maji ya rejeta kwa kuwa unalingana upana. Mpira wa maji haupatani na mafuta. Baada ya muda huwa laini kama ubani na kuanza kutoa mabaki meusi yanayokwenda kuziba chujio. Ombeni dukani mpira wa mafuta, na muuzaji asiyejua tofauti mwacheni mwende kwa mwingine.

Mpira wa presha ni habari nyingine. Hauunganishwi kwa kipande cha bomba na klipu mbili, haufungwi kwa ukanda wa tyubu, wala haupakwi gundi. Nimesema presha yake hupita pauni 1,000. Hakuna klipu ya bisibisi inayozuia kitu hicho. Kama mpya hupatikani, au bei yake inatisha, yako maduka katika miji mikubwa yanayotengeneza mipira ya matrekta na mitambo, ambayo huchukua vyuma vya ncha za mpira wako wa zamani na kuvibana kwa mashine juu ya mpira mpya wa presha. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haina tofauti na ya kiwanda. Wapelekee mpira wa zamani mzima, ili urefu na pembe za ncha zilingane, kwani mpira uliopinda utagusa bomba la moshi au ukingo wa chasisi na kukatika upya. Mahali penye washa za shaba, washa mpya zitumike.

Pampu ikivuja mbele, nyuma ya puli, ni sili ya shafti. Ishara yake ni mafuta yaliyorushwa kwa mviringo ndani ya boneti, na mkanda uliolowa. Pampu hufunguliwa, puli hutolewa, sili ya zamani hung'olewa kwa uangalifu bila kukwaruza shafti, na mpya huingizwa sawasawa bila kupinda. Kabla ya kuingiza, pitisha ukucha juu ya shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama katika mfereji, au shafti ikichezacheza ukiitikisa, sili mpya haitadumu, na hapo ndipo maneno ya kununua pampu nyingine huwa ya haki. Kati ya kikopo na pampu pia mna oringi, ambazo hugharimu kidogo na husahauliwa sana. Fundi akishaifungua pampu kwa ajili ya jambo lolote, azibadilishe zote.

Limebaki boksi. Nalo huvuja kweli, hasa chini, pale shafti inapotoka na kushika mkono unaosukuma vyuma vya magurudumu. Ukiona poda imelowa hapo na pote juu pamekauka, ni sili ya chini, na bado haina maana kwamba boksi limekufa. Sili hiyo hubadilishwa. Lakini kazi hii simshauri mtu wa Jumapili aifanye peke yake. Ule mkono umeshikwa kwa nati iliyokazwa kwa nguvu nyingi mno na huhitaji pula imara; akiupiga nyundo atadhuru shafti na gololi zilizomo ndani. Ni lazima aweke alama kabla ya kuutoa, ili urudi palepale, la sivyo usukani utakaa upande. Nati iwe mpya na ikazwe kwa kipimo cha kiwanda. Chombo hiki ndicho kinachoielekeza motokaa yenye watoto wako ndani; hapana nafasi ya kubahatisha.

Juu ya boksi pana skrubu ya kurekebisha inayowashawishi wengi. Usukani ukiwa na mchezo, mtu huikaza skrubu hiyo nusu raundi akaona mambo yamependeza. Ikikazwa kupita kiasi, usukani hukataa kurudi wenyewe baada ya kona, na gololi husagika. Mchezo wa usukani katika Benzi hizi mara nyingi hutokana na ncha za tairodi zilizokwisha. Hizo zitazamwe kwanza.

Wenye motokaa nyingine, mathalani Volvo 240 au Peugeot 505, hawana boksi bali reki, yaani mhimili mrefu uliolala kati ya magurudumu. Kwao dalili hujificha. Sili za ndani zikivuja, mafuta hujaa katika mipira ya mikunjo iliyo kwenye ncha mbili za reki. Iminye kwa mkono; ukisikia mafuta yakicheza ndani, umejua. Wengine hukata mpira huo ili mafuta yatoke, jambo ambalo huingiza mchanga na kumaliza reki kabisa.

Kazi ikishafanyika, hewa itolewe, na hapa subira huhitajika kuliko ufundi. Jaza kikopo mafuta safi hadi kwenye alama. Inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, na mtu mmoja azungushe usukani polepole kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, mara kumi, hata ishirini, huku mwingine akitazama kikopo na kuongeza mafuta kila yanapopungua. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kazi ya kutazama, tena kwa furaha. Viputo vikipungua, washa injini, urudie, bila kuushikilia usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa hapo pampu husukuma kwa nguvu zake zote na mafuta hupata joto haraka. Mafuta yakiwa na povu kama maziwa, bado mna hewa. Zima, ngoja nusu saa, anza tena. Pampu ikiendelea kulia hata baada ya povu kwisha, angalia kama mkanda umelegea au mahali fulani panavuta hewa bila kutoa mafuta.

Mafuta ya zamani yasimwagwe mtaroni, kwani mtaro huo huishia kwenye mto au baharini. Yakusanye katika dumu na uyapeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Osha mikono kabla ya kushika chakula.

Safisha kila kitu kwa mara ya mwisho, nyunyiza poda upya, endesha motokaa siku mbili kama kawaida yako, kisha fungua boneti uitazame poda ukiwa na tochi. Pima kikopo injini ikiwa imepata moto na magurudumu yamenyooka, uandike tarehe. Baada ya juma moja pima tena. Kama mafuta yako palepale kwenye alama, toa gazeti chini ya gari. Watoto wanaweza kurudi kucheza hapo.